Mkalimani wa Binti Yangu

Tarehe 9, mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, kaka watatu na watoto wanne kati ya sita. Jukwaa la ujenzi liliwahi kuanguka na waashi watano juu yake, wakafa wanne, wa tano ndiye huyu anayeandika. Kipindupindu kilipita mtaani, kikanikuta kitandani, kikaniacha hapo hapo. Mabosi wote walioniita mjinga wako chini ya ardhi. Shule nilisoma miaka miwili tu, lakini nusu ya kuta za mji huu nimezijenga mimi na hakuna hata mmoja ulioinama.

Daftari hili nimepewa na binti yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu, na mtaa mzima humwita Mwalimu, mpaka mimi niliyemzaa. Kaniambia, Baba, andika kila siku, hata mstari mmoja, na uweke tarehe, maana maofisini watu wanakula tarehe. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wake, mziwanda wangu. Nasi humwita hivyo hivyo, Mziwanda.

Mziwanda hasikii tangu homa ya utotoni. Sasa ana miaka thelathini na mbili. Watu wa shule ya viziwi walikuja kumtaka mara mbili, nikawafukuza mara mbili. Mtoto wangu hawezi kulelewa bwenini na wageni. Nilimfundisha mwenyewe, mimi na marehemu mama yake, lugha yetu ya mikono ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Mama yake hayupo tena, kwa hiyo duniani anayeijua yote ni mimi tu. Wako wangapi wenye lugha yao wenyewe?

Jana mchana alirudi kutoka kazini, mvua inamwagika. Anafanya kibarua kwenye kiwanda cha kufulia, wanafua shuka za hoteli na za hospitali. Gauni lilikuwa limechanika begani na kifundo cha mkono kimebabuka kwa bomba la mvuke. Akanieleza kwa mikono, nikaelewa yote. Yote siyaandiki. Msimamizi wa zamu alimsukuma kwenye bomba, naye akamng'ata, kazi ikaishia hapo. Kwa daftari hiyo inatosha.

Tarehe 10

Mvua. Mkono umevimba. Nimempaka dawa ya zahanati.

Tarehe 12

Nimekwenda kiwandani kwa miguu, kwenye matope. Karani wa pale ni kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Alinikalisha, akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akasema jina la binti yangu halimo kitabuni. Vibarua huchaguliwa getini asubuhi, jioni wanalipwa, kesho yake wanaanza upya. Nikamwambia amefukuzwa kazi. Akasema, "Hajafukuzwa, mzee wangu, kwa sababu hajaajiriwa. Asiyepanda gari hashushwi."

Nikamwambia ukuta wa lile geti niliujenga mimi. Akasema ukuta ni mzuri, asante.

Tarehe 13

Katibu wa chama cha wafanyakazi naye kasema chama ni cha wenye mkataba. Alinionea huruma. Huruma yake ilikuwa ndefu, mpaka chai ikapoa.

Tarehe 14

Mvua tu.

Tarehe 17

Mwalimu ni mwenyekiti wa chama cha wanawake. Leo walikutana sebuleni kwake, wanawake kumi na mmoja, wengi wao wa ofisini, wamevaa vizuri. Nikakaa karibu na mlango ili wajue kuna mwanamume. Alialikwa pia mwanamke anayenyoosha shuka kwenye mashine moja na Mziwanda. Tunamwita Mama Pasi. Alivuka mpaka miaka mingi iliyopita na hana kitambulisho. Mimi watu wa kuja siwaamini, na nilimwangalia kwa jicho hilo.

Walizungumza sana. Mwaka jana chama kiliwapigania akina mama wa benki mpaka wakapata likizo ya uzazi, na mambo yakaandikwa gazetini. Sasa wanataka viti vya wanawake kwenye baraza. Mwalimu akasema suala la mdogo wake ni suala la kila mwanamke, mwanamke ni mwanamke, akiumizwa mmoja wameumizwa wote. Wakapiga makofi.

Mama Pasi hakupiga. Alisubiri makofi yaishe, ndipo akasema, "Mvua ni moja, dada zangu, lakini mapaa si mamoja. Wewe msimamizi akikushika, utapiga kelele na utasikilizwa. Nikipiga kelele mimi, wataniuliza karatasi kwanza. Na huyu mwenzetu hata hizo kelele hana. Ndiyo maana alimchagua yeye. Hakutuona wote sawa, alichagua."

Mmoja akasema hayo ni ya kujadiliwa kikao kijacho. Mziwanda alikuwa kwenye pembe, anafuata midomo, huyu mpaka yule, kama mtu anayetazama mchezo wa mpira bila kuuona mpira. Kikao kilikuwa chake, lakini hakuna aliyeniambia nimtafsirie. Nami sikujitolea, nilikuwa nakunywa chai.

Tarehe 21

Kituo cha polisi, dawati la wanawake. Afisa ni mwanamke wa makamo, mpole, lakini akaniambia, "Mzee, subiri nje." Nikamjibu kuwa mimi ndiye mdomo wake. Akasema, "Basi mdomo wake usubiri nje nusu saa."

Sijawahi kutolewa chumbani kama mbuzi. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlevi anayelia. Mle ndani Mziwanda alieleza kwa mwili mzima, afisa anaandika, Mwalimu anasaidia kwa yale machache anayoyajua. Huyo alikwenda bweni mapema, mikono yetu hakuikamata vizuri. Walipotoka Mwalimu alikuwa na macho mekundu. Akasema, Baba, kumbe ulijua. Kuna mambo baba haambiwi, na akiambiwa hakuyasikia.

Tarehe 24

Chama cha walemavu. Mwenyekiti wao anatembelea magongo, mtu hodari, anaongea kama redio. Wamepata njia za mteremko kwenye majengo matatu na baiskeli za magurudumu matatu ishirini. Nilipomweleza, akasema hilo ni jambo la wanawake, liende dawati la wanawake. Nikasema tumetoka huko. Akasema walikuwa na nia ya kuunda tawi la wanawake, lakini wanaume ndio wanaohudhuria.

Nilipiga hesabu njiani. Kwa wafanyakazi yeye ni kibarua. Kwa wanawake ni kiziwi. Kwa viziwi na walemavu ni mwanamke. Kila mlango ni mzuri na uko wazi, lakini unaelekeza mlango mwingine.

Tarehe 30

Mkalimani wa serikali ametoka makao makuu, kijana nadhifu. Akamtazama Mziwanda robo saa, akajaribu alama zake, Mziwanda akamtazama kama mtu anayefukuza nzi. Mkalimani akatikisa kichwa. Akasema hizi si alama za shule, huyu anaongea lugha ya nyumba moja. Bila mkalimani mwenye cheti jalada la polisi halisogei.

Nikamwambia lugha hiyo niliitunga mimi. Akaniuliza kwa nini hakupelekwa shule. Nikamwambia ashike adabu.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Mvua, na paa la jikoni linavuja. Nimelipanda mwenyewe, kwa umri huu.

Tarehe 5

Mvua.

Tarehe 8

Mwalimu kapata kikao kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi. Huko hawadai cheti, ndugu anaweza kutafsiri akila kiapo. Kwa hiyo wananihitaji. Niliwaambia tangu mwanzo.

Tarehe 13

Kwa kinyozi. Wanaume sita, mvua imetufungia ndani. Mmoja anafanya kazi kiwandani, anaishi nyuma ya nyumba yangu. Akasema wamesikia binti wa Fundi ana meno. Mwingine akauliza kama msimamizi aling'atwa kabla au baada. Wakacheka, na kinyozi akacheka huku wembe uko shingoni mwangu. Nikawaambia msimamizi alimsukuma na hakuna kingine. Yule jirani akasema, "Kama hakuna kingine ni afadhali kwako, Fundi. Maana kingine kikiwepo, nani atamtaka?"

Nilitoka na nusu ya ndevu.

Tarehe 14

Sikutoka.

Tarehe 19

Mama Pasi alikuja na kilo ya sukari. Alikaa na Mziwanda jikoni, wanaelewana kwa vidole na vicheko, sijui wanaelewanaje. Akaja kwangu, akapiga goti kidogo, akasema, "Baba, siku ile nilikuwa nje ya stoo ya shuka. Niliusikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Wewe ukisema mlango ulifungwa, nami nitaingia niseme niliusikia. Nikisema peke yangu bila wewe, nitakuwa nimejitupa bure."

Nikamuuliza haogopi kuhusu karatasi. Akasema anaogopa.

Nimemfikiria vibaya huyu mwanamke. Naandika hivyo, ingawa sikumwambia.

Tarehe 22

Mziwanda amefanya mazoezi mbele ya kioo. Anapanga maneno, anayafuta, anayapanga tena, kama mwanafunzi. Mikono yake ni mizuri. Hilo ni langu na la mama yake.

Tarehe 23 hadi 27

Mvua siku zote tano.

Tarehe 28

Leo ndiyo siku ya kikao. Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Chumba kina meza ndefu na madirisha hayafunguki. Msuluhishi ni mwanamke mwenye miwani, sauti yake haipandi wala haishuki. Upande ule alikaa msimamizi, shati limenyooshwa, pengine na mkono wa Mama Pasi. Karibu naye wakili wa kiwanda, na mashahidi wawili. Mmoja wao ni yule jirani yangu wa kwa kinyozi. Mwalimu alikaa nyuma yetu. Mama Pasi alikuwa kwenye korido, kwenye benchi, anangoja kuitwa.

Nikala kiapo. Msuluhishi akaniambia niseme kila anachosema binti yangu, kama kilivyo, nisiongeze wala nisipunguze.

Mziwanda akasimama. Alianza na shuka, alivyokuwa anazikunja. Stoo. Yule mtu akamwita kwa mkono. Mlango. Akaonyesha komeo linavyosukumwa, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akaonyesha mikono ya yule mwanamume, ilipoanzia na ilipofika. Hakuharakisha. Akaonyesha alivyogonga mlango, alivyong'ata, bomba, moto. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akisema jambo lolote. Kisha akanigeukia, akangoja.

Nikasema, "Anasema alikuwa anapanga shuka. Msimamizi akaja, wakakorofishana. Akamsukuma, akaungua."

Msuluhishi akatazama karatasi. Akasema kwenye maelezo ya dawati kuna mlango uliofungwa. Akaniuliza, "Kuna mlango, mzee?"

Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa ameuma ulimi kidogo, kama mtu anayengoja utani aliokwisha kuusikia.

"Hakuna mlango," nikasema.

Mziwanda hanisikii, lakini uso wangu anausoma tangu azaliwe. Alinishika mikono yangu miwili, akaiunganisha kwa nguvu, akaisukuma kama komeo. Akafanya tena. Alitaka mikono yangu iseme yenyewe. Msuluhishi akauliza anasema nini sasa.

Nikasema amechoka, anaomba maji.

Wakamletea. Kikombe cha plastiki, kimejaa. Mziwanda akakitazama kile kikombe, akanitazama mimi, na pale pale akajua nilichosema. Hakukigusa. Akakaa, akaweka mikono chini ya mapaja yake.

Wakili hakuchelewa. Akasema baba mzazi, chini ya kiapo, anasema ni kukorofishana kazini, na karatasi ya polisi inasema jambo lingine kabisa. Mlalamikaji mmoja, hadithi mbili. Haikupita saa, dai likatupwa. Mama Pasi hakuitwa. Tulipotoka alisimama, akatazama nyuso zetu, akajua. Msimamizi alipita mbele yake, akapunguza mwendo, akamtazama vizuri kuanzia viatu mpaka kichwa.

Nje mvua. Mwalimu hakufungua mwavuli. Akaniuliza, "Baba, ulimwokoa nani mle ndani?"

Nikasema nimeokoa jina la mdogo wake.

"Jina lake au lako?"

Nikamwambia asinifundishe kazi, nimeishi kuliko yeye. Akasema hilo ni kweli. Akamshika mkono Mziwanda wakaenda mbele, nami nikafuata nyuma yao kwenye matope mpaka nyumbani.

Tarehe 29

Nilifanya vile ambavyo baba yeyote angefanya.

Tarehe 30

Wengi wangefanya hivyo. Ninawajua.

Tarehe 3, mwezi wa tano

Mziwanda hasemi nami. Anapika, anatenga, anaondoa vyombo. Nikimwita kwa mkono anapeleka mikono yake ndani ya aproni.

Tarehe 4

Vile vile.

Tarehe 5

Vile vile. Sikujua nyumba inaweza kuwa na kimya zaidi ya kile cha kwanza. Zamani kilikuwa na maneno mengi ndani yake.

Tarehe 7

Mwalimu kaja kunipa habari mlangoni, hakuingia. Siku mbili baada ya kikao watu wa uhamiaji walifika kiwandani na orodha ya majina matatu. Moja lilikuwa la Mama Pasi. Waliokuwepo wanasema alitolewa akiwa bado na shuka mkononi. Hakuna ajuaye yuko upande gani wa mpaka. Alikuja kwenye ile korido bure, kwa ajili yetu, na kule kuonekana tu ndiko kulikommaliza.

Nikamuuliza Mwalimu chama chao kitafanya nini. Akasema aliwaomba watafute mtu wa kujifunza lugha ya Mziwanda na wakili wa kumfuata Mama Pasi. Wakamjibu ni mambo mazuri, lakini hayamo kwenye mpango wa mwaka huu, mwaka huu ni viti vya baraza. Amewarudishia uenyekiti. Akasema, "Nilisema mwanamke ni mwanamke, Baba. Nilimaanisha mwanamke kama mimi."

Nimezoea kumcheka huyu kwa maneno yake makubwa. Leo sikuona la kucheka.

Tarehe 11

Sikumwambia mtu. Nimevaa koti la kuzikia, nimekwenda ofisi ya usuluhishi. Nikamwambia karani wa kikao kwamba nilidanganya. Mlango ulikuwepo, na komeo, na yote. Nimekuja kuyasema.

Karani alikuwa mama mtu mzima. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Mzee wangu, ngoja nikueleze kama baba yangu. Ukiandika kwamba ulidanganya chini ya kiapo, unaweza kushtakiwa. Hilo nadhani hulijali."

Nikasema silijali.

"Lakini aliyedanganya haruhusiwi kutafsiri tena. Nani mwingine anaijua lugha yake?"

Nikasema hakuna.

"Basi tukilifungua tena, atasimama pale na hakuna wa kumsemea. Na ushahidi mpya unao?"

Nikataja Mama Pasi. Akaniuliza anwani yake.

Lugha ile niliitunga mimi, nikawafukuza waliotaka kumpa nyingine, nikajisifu kwa miaka thelathini. Nimejenga kuta nyingi, lakini huu ndio mzima kuliko zote, hauna hata tundu, na binti yangu yuko ndani. Nikasaini ile karatasi ya kukiri hata hivyo. Karani akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka kwenye jalada, akafunga jalada.

Tarehe 12

Mvua kidogo.

Tarehe 18

Mwalimu anakuja kila siku akitoka shuleni. Anakaa na mdogo wake jikoni na ubao mdogo na chaki. Mwalimu anachora, Mziwanda anaonyesha kwa mkono. Wamefika maneno hamsini. Bado hawana "jana". Bado hawana "kwa nini". Nilisogea niwasaidie, Mziwanda akaweka mikono ndani ya aproni mpaka nikaondoka. Kwa mwendo huu wakiweza kusema habari za mlango ule, mimi nitakuwa nimekufa na jalada limeliwa na mchwa.

Tarehe 21

Hakuna mvua. Jua kali.

Tarehe 26

Alfajiri Mziwanda alivaa gauni lake la kazi. Begani ameshona. Alizunguka mji wiki mbili akitafuta kazi, kwenye nyumba za watu, kwenye mgahawa. Wanauliza swali, hajibu, wanachukua anayejibu. Imebaki kiwandani tu, ambako kazi haihitaji masikio.

Nilimfuata, nikasimama ng'ambo ya barabara. Wanawake kama arobaini walikuwa getini, wamejipanga. Msimamizi akatoka na kitabu. Anapita mbele yao, anagusa bega, wewe, wewe, wewe. Akafika kwa binti yangu. Akasimama. Akacheka kidogo, akamgusa bega lile lile.

Mziwanda akaingia. Hakugeuka nyuma.

Tarehe 27

Amekwenda tena.

Tarehe 30

Mvua zimekwisha, na daftari limebakiza ukurasa huu.

Nimeandika mwanzoni kwamba alisukumwa na hiyo inatosha. Haikutosha. Alifungiwa stoo na akashikwa kwa nguvu, akajitetea kwa meno. Akasema ukweli mbele ya watu kwa mikono yake, na mimi, baba yake, mtu pekee duniani wa kumtafsiria, nikasema amechoka anaomba maji.

Atakayesema mzee huyu anatunga, akaulize. Karani wa usuluhishi anayo karatasi yenye saini yangu. Afisa wa dawati la wanawake anayo maelezo aliyoyaandika mimi nikiwa nje. Binti yangu mkubwa alikuwa nyuma yangu kikaoni, alisikia kila neno. Mama Pasi aliusikia mlango, lakini sijui mumtafute wapi. Na Mziwanda anayajua yote kuliko sisi wote. Muulizeni yeye. Tafuteni namna, chukueni hata miaka kumi, lakini msinitume mimi kutafsiri.